Hadithi ya Mchana

Juzi nilikuwa nasoma riwaya ya kwanza ya binti mmoja wa huku kwetu Mbozi. Nilipofika kwa nyoka anayelinda chemchemi, mkono wangu ulipanda wenyewe kichwani, kutafuta pembe.

Utotoni tuliambiwa hadithi ni za usiku. Ukisimulia au kusikiliza mchana, unaota pembe. Lakini alasiri moja, tukichambua kahawa kwenye kichanja, maganda yaliyochacha yakinuka, mama alianza kunisimulia habari za nyoka wa namna hiyo.

"Mama, jua bado liko juu."

"Sikiliza tu, mwanangu. Pembe zikiota, zitaota kwangu."

Nilidhani anatania mwiko. Kumbe kesho yake alikuwa anapelekwa hospitali.

Hakurudi. Ila hadithi aliimaliza.