Bonanza la Kumuaga Nesi

Tulipoandaa bonanza la michezo pale Ihanda, lengo lilikuwa moja tu: kumuaga nesi wetu. Alikuwa anastaafu baada ya kuhudumu miaka mingi kwenye zahanati ya kijiji, na karibu wasichana wote wa timu yangu ya mpira wa pete walizaliwa mikononi mwake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na timu hiyo niliianzisha mwenyewe. Nilimuuliza angependa zawadi gani. Akacheka.

"Mwalimu, vitenge ninavyo. Nataka kuwaona wanangu wakicheza na wale wa Nanyala. Hata mimi zamani nilikuwa nacheza, tena katikati."

Wasichana waliposikia hivyo wakawa hawakosi mazoezi. Walikuja moja kwa moja kutoka kuchuma kahawa, miguu imejaa vumbi.

Kosa langu lilikuwa kumsikiliza mwenyekiti wa kijiji. "Shughuli gani hiyo isiyo na mgeni rasmi?" aliniuliza. Nikakubali. Akatafutwa mheshimiwa mmoja kutoka Tunduma.

Siku yenyewe nesi alifika saa nne asubuhi, amevaa sweta jipya juu ya gauni la kanisani. Timu zote zilikuwa tayari, lakini tukaambiwa tusianze mpaka mgeni rasmi afike. Ikapita saa sita, ikapita saa nane. Wasichana wa Nanyala walilala kwenye nyasi kwa kuchoka.

Mheshimiwa alishuka garini saa tisa na nusu, na watu wake kibao. Viti vya meza kuu havikutosha. Nikamwona mtu wa itifaki akimwinamia nesi na kumwonyesha benchi la nyuma. Nesi akanyanyuka, akaenda kukaa huko. Nikamfuata mwenyekiti.

"Mzee, hii shughuli ni ya nani?"

"Taratibu, mwalimu. Usituaibishe mbele ya wageni."

Mheshimiwa alizungumzia barabara, akazungumzia mbolea, kisha akarudi kwenye barabara. Wavulana wakacheza mpira wa miguu nusu saa, akakabidhi kombe, akapigwa picha. Halafu mshereheshaji akatangaza kwamba mpira wa pete umeahirishwa kwa ufinyu wa muda. Nesi hakutajwa hata mara moja. Nilipofika jukwaani kudai kipaza sauti, walikuwa wanakunja nyaya.

Jumamosi iliyofuata niliwabembeleza wa Nanyala, wakarudi. Nesi alisimama kwenye mstari akipiga kelele, "Achia mpira! Unakaa nao wa nini?" Tulifungwa kwa tofauti ya magoli mawili, naye akamkumbatia kila mmoja, wetu na wao. Nilipaswa kufurahi. Lakini nilikuwa natazama kandokando ya uwanja, ambako hapakuwa na mtu. Wako wapi akina mama aliowazalisha, wampigie vigelegele? Nilitaka kijiji kizima kisimame kwa ajili yake, siyo sisi wachache tuliokuja kana kwamba tumejificha.

Aliondoka kwenda kwao Ibaba mwezi huohuo. Hakuna aliyemwomba radhi.

Baadaye nilikutana na mwenyekiti mashineni, tukisubiri kusagiwa mahindi.

"Bonanza lilifana sana, mwalimu. Mwakani tena!"

"Lilifana kwa nani?" nikamuuliza.

Akacheka, akanipiga bega. Alidhani natania.