Maswali ya Mzee Mutua, kutoka Makongeni hadi Njiru

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa muuguzi kijana katika kliniki ya magonjwa ya koo. Daktari wetu alikuwa na maswali yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ya kuwauliza wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo wanaishije baada ya matibabu. Wanamezaje? Wanalala? Wanaona haya kula mbele ya watu? Kabla ya hapo tuliuliza tu kama kidonda kimepona. Mzee Mutua alikuwa ameacha kuja kliniki, na kwa kuwa mimi nilizaliwa mtaa wake wa Makongeni, nikatumwa nimtafute.

Asubuhi niliteremka Jogoo Road kwa miguu. Nilipoingia Makongeni nilipunguza mwendo bila kutaka. Zile nyumba za reli zilikuwa zimechakaa, lakini kina mama walikuwa bado wamepanga foleni bombani, na harufu ya chapati na jiko la mafuta ilinirudisha utotoni. Mzee Mutua alikuwa karani wa reli. Jioni alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake akiwasomea majirani gazeti kwa sauti, na sisi watoto tulisikiliza majina ya nchi za mbali tukiwa tumekaa mchangani. Sauti ile ilifika hadi bombani. Kisha saratani ikaingia kooni, madaktari wakaondoa kisanduku cha sauti, na tangu hapo akawa anapumua kupitia tundu shingoni.

Mlango wake ulifunguliwa na mtu nisiyemjua. Mama Otieno, jirani wa ukuta mmoja, akatoka.

"Rehema, umepotea sana. Unamtafuta nani?"

"Mzee Mutua."

"Walihama. Mkewe, Mama Kioko, alisema watu wanamwangalia sana mzee shingoni. Wako Njiru, kwenye ploti yao. Hata kuagana hatukuagana vizuri."

Saa sita hivi nilishuka kwenye basi Kangundo Road. Njiru ya siku zile ilikuwa nyasi, upepo na milio ya nyundo kutoka kwenye machimbo ya mawe. Nyumba zilikuwa zimetengana, kila moja na shamba lake dogo la mahindi. Wenyeji wakanionyesha ya Mama Kioko.

Alinipokea kwa mikono miwili. Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha, kitambaa cheupe kimefunika shingo. Aliponitambua alitabasamu, midomo ikaunda jina langu bila sauti.

Baada ya chai nilimweleza Mzee jinsi ya kujibu: kidole kimoja ni la, hata kidogo; viwili ni kidogo, vitatu ni kiasi, vinne ni sana. Nikaanza.

"Wiki iliyopita, ulipata taabu kumeza?"

"Hapana," Mama Kioko akajibu. "Nampa uji laini, unashuka vizuri."

"Usingizi je?"

"Analala kama mtoto."

Mzee alikuwa akitazama nje. Nikamwambia mama kwa upole kwamba maswali haya lazima yajibiwe na mgonjwa mwenyewe.

"Mwanangu, mimi ndiye sauti yake," akasema.

"Najua, mama. Leo mwache atumie vidole."

Akakunja kanga mapajani. Nikauliza upya kuhusu kumeza. Vidole viwili. Usingizi, vitatu. Nikauliza kama alipata taabu kufurahia chakula. Mzee akainua vinne, kisha akaelekeza mkono kwenye sufuria ya uji.

"Hutaki uji wangu?" Mama Kioko akauliza. "Tangu utoke hospitali?"

Mzee akaonyesha kwa vidole kitu kidogo cha punje punje, akasugua viganja kama mtu anayeponda. Mkewe akaitazama mikono ile.

"Muthokoi," akasema polepole. "Yale mahindi yetu ya kukoboa. Anataka muthokoi uliopondwa."

Nilidhani tumemaliza magumu. Nikauliza kama sura yake inamsumbua. Mama Kioko aliinamisha kichwa, maana kwa ajili ya jambo hilo alikuwa amehama mtaa alioishi tangu aolewe. Mzee akainua kidole kimoja.

"Hata kidogo?" mkewe akanong'ona. "Na mimi nimekuficha huku?"

Nikauliza kama amekosa kukaa na watu. Vinne. Akaviacha juu hata nilipokwisha kuandika, na macho yake yakajaa machozi. Mama Kioko aliondoka akasimama mlangoni, ametugeuzia mgongo. Aliporudi alikuwa ameshika koti la mumewe.

"Rehema anarudi mjini," akamwambia Mzee. "Twende tukamsalimie Mama Otieno."

Alasiri tuliteremka pamoja Makongeni. Mama Otieno alimwona kutoka mbali, akaacha ndoo yake bombani, akamshika Mzee mikono yote miwili. Wazee wakatoa viti. Wengine waliangalia shingo yake, ndiyo, kisha wakaanza kubishana kuhusu reli, naye akabishana nao kwa mikono, mabega na nyusi. Mama Kioko alikaa pembeni kati ya wanawake wenzake, na nilimsikia akicheka.

Jua lilipoanza kupoa niliwaaga, nikapanda Jogoo Road kurudi kazini. Nilikuwa nimetumwa kujua mgonjwa anaendeleaje, nikawakuta watu wawili wanaopendana ambao hawakuwa wameulizana.

Mzee Mutua alirudi kliniki, na kila wiki mkewe alimpeleka Makongeni. Aliishi miaka mingine kadhaa. Siku ya mazishi yake Mama Kioko alinivuta kando, akaniambia jambo ambalo nimelibeba katika kila wadi niliyofanyia kazi tangu hapo.

"Sikuwa namjibia kwa sababu hana sauti," akasema. "Niliogopa atakachosema."