Siku Wageni Wanane Walipoitikia Karibu

Nyinyi vijana mnaotaka kazi ya kutembeza wageni, kaeni vizuri mnisikilize. Wengi wenu mna vyeti na Kiitaliano cha darasani. Mimi nilikuwa na darasa la nne na miguu miwili, na kazi nimeifanya mpaka magoti yakasema basi.

Siku yangu ya kwanza sikumwona mgeni hata mmoja. Msimamizi wa Shamba la Viungo alinitia jikoni nimenye vitunguu, maana wageni wakishazungushwa mashambani hulishwa wali. Lakini alikuwa mtu wa kufundisha. Akaniambia, "Bi Mize, mgeni akiuliza huu mti gani, usimwambie. Mpe jani alifikiche, anuse, akosee mara tatu. Ukimtajia jina mapema, shamba zima litakwisha kabla chai haijachemka."

Baadaye nikahamishiwa mjini chini ya Mkuu wa Matembezi, mzee asiyetoka bila mwavuli. Aliniweka kushika mkia, yaani kutembea nyuma ya wageni wote na kuhesabu vichwa kila kona, asije mmoja akabaki anapiga picha mlango. Vichochoro vya Mji Mkongwe humeza watu. Mwingereza mmoja alitupotea mtaa wa Malindi, tukamkuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Hakuomba kunyolewa. Alikuwa amekaa kwenye kiti apumzike.

Ndipo Meneja akaniita. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Wageni wanane, siku nzima, unawaongoza wewe. Asubuhi mji kwa miguu, mchana shamba la viungo, alasiri kuwaona kima punju, wale wekundu wa msitu wa Jozani, mwisho kuogelea pangoni. Wakirudi wameridhika, kazi ya kuongoza ni yako moja kwa moja. Wakilalamika, vitunguu vyako bado viko palepale."

Asubuhi nikawapanga wageni wangu nikawasomesha adabu. Funikeni mabega. Msimpige mtu picha bila ya kumwomba. Na mtu akikukaribisha, usikatae, kukataa ni dharau.

Hapo nilijichimbia shimo mwenyewe. Sisi ukiwa unakula na mtu akapita, lazima useme, "Karibu." Na yeye lazima ajibu, "Ahsante, nshakula," hata kama tangu jana hajatia kitu mdomoni. Nusu yako, nusu yake. Hatukufundishwa na mtu, tumeinyonya pamoja na maziwa. Mimi nikawafundisha nusu moja.

Tulipotoka mjini kuelekea shamba, gurudumu la gari likapasuka Jang'ombe, hatua chache na kwangu. Dereva akasema, "Nipe nusu saa, Bi Mize." Jua lilikuwa kali, nikawapitisha wageni kichochoroni kwetu wapate kivuli. Mlango wangu ulikuwa wazi. Ndani, mume wangu Mzee Haji, wifi yangu Bi Shindano na mkaza mwanangu Raya walikuwa wamelizunguka sinia, wali wa nazi na changu wa mchuzi. Mume wangu akainua mkono.

"Karibuni! Karibuni tule!"

Wageni wakanitazama. Kisha Mjerumani mmoja, jitu refu lenye tumbo lake, akainama akavua viatu. Wenzake wakafuata. Viatu kumi na sita vikajipanga mlangoni kwangu kama msikitini siku ya Ijumaa.

Wifi akaninong'oneza, "Mize, mbona wanakaa?"

"Si mmewakaribisha?"

"Tumewakaribisha, hatukuwaambia waingie!"

Raya akasema, "Mama, nipike mwengine?"

"Mchele upo?"

"Haujai hata kikombe."

"Basi wanawishe mikono."

Mume wangu, kwa kuona haya, akamsogezea Mjerumani kichwa cha samaki. Kichwa hicho ni haki yake tangu tuoane. Macho yake yalikifuata mpaka kikabaki mifupa.

Simu ikalia. Alikuwa Msimamizi wa Shamba.

"Chakula kiko mezani. Wageni wako wapi?"

"Wanakula."

"Wanakula wapi?"

"Kwangu."

Akasema, "Bi Mize, hebu nipe dereva."

Shambani wakakaribishwa wakala tena. Jozani walinzi walikuwa na muhogo wa kuchoma, wakakaribishwa, wakala. Tulipofika pangoni, Mjerumani aliteremka ngazi mbili, akayatazama maji, akarudi juu. Alisema kwa tumbo lile angezama. Wote wanane wakalala kivulini, na pango langu likabaki halina muogaji.

Meneja alipopata habari alisimama. "Nilikutuma uwaoneshe kisiwa, hukutumwa uwalishe! Kesho uje hapa, uniletee na kitambulisho cha kazi."

Asubuhi nikaenda na kitambulisho mkononi. Nikamkuta Mjerumani ofisini kabla yangu, kakaa, gunia la mchele miguuni. Nikajua amekuja kunishitaki. Kumbe mfanya usafi wa hotelini alikuwa amemwelezea ile nusu ya pili. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akasema walikula chakula cha watu, hawezi kupanda ndege na aibu ile, akaomba nimpeleke Jang'ombe.

Meneja akanitazama, akalitazama gunia. "Mpeleke," akasema. "Na hicho kitambulisho kivae. Mtembeza wageni haendi kazini shingo tupu."

Tulipofika, mume wangu alikuwa anakula. "Karibu!" akasema, kwa mazoea. Mjerumani akasimama mlangoni, mkono kifuani, akatamka neno alilofundishwa, "Ahsante, nshakula."

Nyumba nzima ikacheka. Mume wangu akaondoka pale alipokaa, akamshika mkono. "Sasa umeshakuwa mtu wa hapa. Ingia ule."

Niliongoza misafara miaka mingi baada ya siku ile. Nikistarehe sasa barazani, nawaona vijana wakiwakimbiza wageni na ratiba mkononi, nusu saa hapa, nusu saa pale. Mgeni huondoka na picha nyingi bila ya kumjua mtu hata mmoja. Mimi niliwafunza adabu pungufu nikaponea chupuchupu. Nyinyi fundisheni nzima, na kwanza muishike wenyewe.

Jioni ile, Mjerumani alipokwisha kuondoka, niliwakusanya watu wangu wote uani, mume wangu akiwemo, nikawaambia, "Kuanzia leo humu ndani, anayesema karibu, kwanza asogee, mgeni apate pa kukaa."