Deo Ana Jina la Tovuti, Mimi Nina Wateja

Leo asubuhi nimepoteza jina la tovuti ya biashara yangu ya kahawa hapa Nshamba: kahawaborayanshamba. Binamu yangu Deo, niliyemwomba ushauri kuhusu jina hilo, amelisajili yeye.

Nikampigia.

"Waitu, dada yetu, ulichelewa. Lakini naweza kukuuzia."

Nikakata simu. Dukani walikuwepo wateja wanatafuna kahawa kavu kama desturi ya huku kwetu, nikawauliza: hapa huwa mnapaitaje?

"Kwa Mama Koku," wakajibu wote.

Hakuna hata mmoja aliyetaja lile jina refu la kwenye pakiti. (Na miaka yote nalipia lichapishwe.)

Nikasajili mamakoku palepale. Herufi nane badala ya kumi na tisa. Mteja wa Mwanza nimemtajia mara moja tu kwenye simu, ameshaagiza.

Deo, nijibu hapahapa chini ya ujumbe huu kabla ya saa kumi: jina unalo, kahawa utauza ya nani?