Mama Aliyekuja Kuuliza Kilima

Hiki ninachokueleza kilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote. Sikusimuliwa na mtu. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwaya ya akina mama hapa Kolwezi, sinywi pombe, na siku ile nilikuwa nimekula bukari, ugali wetu, nikashiba, kwa hiyo usiniambie ni njaa. Mume wangu alisema ni jua. Haya, tuseme ni jua. Na mwenzangu Mado je, naye alifanywa vile na jua?

Nianze na kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa kitu.

Unavijua vilima vya shaba vya kwetu. Unatoka mjini, unashika njia ya Mutshatsha, ni msitu tu, halafu mbele yako kinasimama kilima kipara, hakina mti hata mmoja. Ni shaba hiyo. Miti haiwezi udongo ule. Lakini kuna maua madogo yaliyouzoea, na mengine hayaoti mahali pengine popote. Kwenye kilima chetu lilikuwapo moja, fupi, halifiki magotini, rangi yake buluu inayoelekea zambarau. Wataalamu walitoka mbali kuja kulipigia magoti. Walituambia, likiisha hapa, limeisha duniani.

Na chini ya ua hilo ndipo shaba ilipo. Kampuni ikapata ruhusa ya kuchimba. Jina lake silitaji, na hata nikilitaja litakusaidia nini? Zinafanana. Sharti lilikuwa kwamba maua yahamishwe kwanza, na hapo ndipo mimi na Mado tulipopata kazi. Mado alikuwa amesoma mambo ya kilimo, mdogo kwangu kwa umri, akiniita yaya, yaani dada mkubwa. Baba yake mkubwa na babu yake waliletwa huku kutoka Kasai kufanya kazi ya migodi, yeye akazaliwa hapahapa. Kazi yetu ilikuwa kuyatunza maua yaliyohamishwa na kuyafuatilia: kupita kila mstari, kuona lipi limechipua, lipi linakauka, na kwa nini.

Yalihamishwaje? Mashine ilikata ardhi vipande vipande, kila kipande ukubwa wa godoro, kina cha mkono mzima, na maua yake juu. Tukavifunika kwa magunia yenye maji. Lori zilitembea polepole kama zimebeba maharusi. Mwaka uliotangulia walikuwa wamehamishwa watu wa kijiji cha chini ya kilima, na lori zao hazikwenda polepole. Bibi mmoja, mama Monga, vyungu vyake vilivunjika vyote njiani. Hakuna aliyemfunika mtu kwa gunia la maji. Mado alilisema hilo siku tunashusha vile vipande, tukacheka, kicheko kile unachocheka ili usifanye kitu kingine.

Mahali papya palizungushwa waya, na geti la kufuli. Mvua za kwanza zikaja, maua yakaanza kufa. Tulijaribu kila kitu. Mbegu tulizopanda kwenye vifuko zilichipua, zikawa njano, zikalala. Mado alikuwa akipiga magoti pale matopeni akiyasemesha kama wagonjwa. Mvua za pili zilipofika, ua lile la buluu lilikuwa limebaki kwenye kipande kimoja tu, mwisho kabisa wa uwanja. Na hicho kimoja, niamini, kilistawi kuliko hata kilipokuwa kilimani. Wageni wakiletwa, walipelekwa moja kwa moja pale wapigwe picha. Sisi tulishukuru Mungu. Hatukujiuliza udongo ule ulikuwa na nini.

Siku yenyewe ilikuwa saa sita ya mchana. Mado alikuwa upande wa pili anarekebisha bomba, mimi namwagilia maji. Nikainua macho, nikaona mama amesimama kando ya kile kipande. Kikwembe chake kilikuwa cha zamani sana, maua yake yamefifia, pindo lina ukijani. Miguu mitupu. Unataka kuniuliza kama alikuwa na kivuli. Saa sita, nani ana kivuli?

Nikamwamkia. Nikadhani ni mmoja wa wale waliohamishwa, amekuja kutafuta kuni.

"Mama, kilima yetu iko wapi?" akaniuliza.

"Watu wa kijiji beko kule karibu na barabara," nikamwambia. "Nyumba za mabati."

"Mi siulize batu. Mi sina na batu. Naulizia kilima." Alisema taratibu, kama mtu aliyeuliza neno hilo hilo mara nyingi. "Mulinigeuza. Mbele jua ilikuwa inatokea ku miguu. Sasa inatokea ku kichwa. Silale."

Aliposema hivyo niliona meno yake. Yalikuwa ya kijani, kijani kile cha sufuria ya shaba iliyosahauliwa nje. Makucha yake pia. Nikahisi ladha ya chuma mdomoni mwangu, kana kwamba nimelamba msumari.

Mado akaja akifuta mikono. Nilishukuru, kwa sababu nilijua sasa kama kuna mtu au hakuna: Mado alimwona. Akamwamkia. Yule mama akamgeukia, akaanza kumsemesha Kiluba cha Kasai, na Mado akajibu, kwanza kwa kubabaika, halafu vizuri. Sikuwahi kumsikia Mado akiisema lugha ile kazini. Macho yake yakajaa machozi.

"Yaya, anasema kama bibi yangu," akaniambia. "Maneno yale yale ya zamani. Anataka tu kuona kilima yake. Nitamupeleka na motokari."

"Kumpeleka wapi? Kule kuna shimo, Mado."

"Najua. Lakini akione na macho yake, roho itatulia. Sisi je, si tungetaka kuona?"

Nilishika mlango wa gari. Nilimwambia aache, nilimwambia huyu mama si mzima, muulize anakaa wapi kwanza. Mado alinitoa mkono kwa upole. Huyo ndiye alikuwa Mado: mtu akimwomba kitu, yeye tayari amekwisha kusimama. Yule mama alikuwa amekaa ndani, mikono juu ya magoti, anatazama mbele.

Nikaenda kuwafungulia geti. Gari likapita. Nikabaki na ule ufunguo mkononi, na hapo ndipo wazo likanijia, likiwa limechelewa: geti lilikuwa limefungwa tangu asubuhi, na ufunguo ni mmoja, na ulikuwa mfukoni mwangu. Sasa yule mama aliingilia wapi?

Nilikimbia barabarani nikipiga kelele. Gari lilikuwa vumbi tu.

Mlinzi wa mgodini alituambia baadaye kwamba Mado alipita peke yake, anaongea na kiti kitupu, anacheka kidogo, kama mtu anayemwonyesha mgeni mji. Mlinzi alidhani yuko kwenye simu. Tulimkuta kabla jua halijazama, mimi na dereva mmoja wa kampuni. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shimo, miguu inaning'inia, chini yake mashine ndogo kama mende. Tulimvuta nyuma. Hakupinga. Akanitazama usoni, akaniuliza kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu anayenijua:

"Mama, kilima iko wapi?"

Hakuniita yaya. Mpaka leo hajaniita yaya.

Hospitali walisema uchovu. Kampuni ilisema uchovu. Mchungaji aliomba, akasema tusubiri. Mimi sikuweza kusubiri. Nikaenda kwenye zile nyumba za mabati, nikamtafuta mama Monga, yule wa vyungu. Nilimweleza kila kitu, hadi kikwembe. Aliendelea kuchambua maharage yake.

"Huyo ni mama wa Kasai," akasema. "Ule wakati wa fujo, batu ba Kasai balikuwa banafukuzwa mjini, yeye na bwana yake balikimbilia kwetu. Homa ikamuua. Bwana akapanda treni, hakurudi. Tulimuzika juu ya kilima, haraka, kaburi haikuwa refu, kule ni mawe."

"Na makaburi yalipohamishwa?"

"Kila jamaa ilionyesha ya kwao. Yeye, nani angemuonyesha?"

"Wewe ulijua, mama."

"Nilijua," akasema. "Hakuna aliyeniuliza."

Sikumlaumu. Mtu anayepakiwa kwenye lori na vyungu vyake utamtaka akumbuke nini?

Nikakumbuka yule mama alisimama kando ya kipande kipi, na kwamba alisema tulimgeuza. Nilirudi kwa shefu wetu, mkubwa wa kazi, nikamwambia kwamba chini ya ua la mwisho kuna mtu, na kwamba tunaomba kumtoa na kumzika upya. Hakunicheka. Hilo ndilo liliniuma zaidi, alinisikiliza vizuri kabisa. Akasema makaburi ya pale yalikwisha kuhamishwa yote. Akasema pia, na hili lilikuwa kweli, kwamba tukivunja kile kipande, ua lile halitakuwapo tena popote. "Unaelewa unachoniomba?" aliniuliza. Nilielewa. Mimi ndiye niliyelimwagilia maji.

Ungefanya nini wewe? Ua lililobaki peke yake duniani, na Mado amekaa chumbani kwa mama yake, anahamisha mto wa kulalia kutoka upande huu wa kitanda kwenda ule, usiku hadi asubuhi, akisema jua limekosea.

Nilichagua Mado. Alfajiri moja nilikwenda na mama Monga na wanawake wengine wa kijiji, nikafungua geti kwa ufunguo wangu. Tulijaribu kuyatoa maua kwanza, taratibu, na udongo wake. Mizizi ilikuwa imeshuka chini sana na kufumana. Tulipofika chini tulikuta mizizi imemzunguka mtu. Mifupa ilikuwa ya kijani, kama tulivyotarajia na kuogopa, na kichwa kilielekea jua linakotokea. Vile vipande vilipopangwa, nani alifikiria kipi kielekee wapi? Hakuna mwanamke aliyelia. Tulimkunja ndani ya kikwembe kipya, tukamzika kwenye makaburi mapya kando ya barabara, miguu kuelekea mashariki. Mama Monga alisema maneno machache. Jina la marehemu hakuna aliyelikumbuka, tukamwita mama tu.

Maua niliyapanda kwenye udongo uleule, mahali palepale. Nilikaa nayo. Jioni yalikuwa yamelala. Kesho yake yalikuwa nyasi kavu.

Nilifukuzwa kazi, na siwezi kusema nilionewa. Niliua kitu nilichoajiriwa kukilinda. Lakini kuna bango kubwa kwenye njia ya Mutshatsha, lina picha ya lile ua, limeandikwa kwamba hapa tunalinda mimea ya nchi yetu. Bado lipo. Huwa linapakwa rangi upya.

Na Mado? Ningependa kukuambia amepona. Yule mama tulimpa alichotaka, au tulichoweza, na sijamwona tena. Ila Mado hakurudishwa. Jumapili baada ya kanisa huwa naenda kumsuka nywele. Anakula, ananawa, anasalimia watu vizuri. Mama yake anaona meno yake yanabadilika rangi, mimi nasema ni mwanga wa dirisha. Na mimi mwenyewe ile ladha ya chuma haijanitoka. Chai naiweka sukari mpaka wageni wanashangaa, lakini haiondoki.

Sasa nasikia wanatafuta watu wa kazi kama yetu, kwa kilima kingine upande wa Kisenge. Vijana wananiuliza, kwa sababu wanajua niliwahi. Siwakatazi, watu wanahitaji kula. Nawaambia neno moja tu, na wewe nakuambia: kabla mashine haijakata, usiende kwa chifu wala kwa wenye makaburi yao. Kaa na wanawake wazee wa kijiji, uwaulize ni nani alizikwa pale na hana mtu. Uliza mpaka wachoke na wewe. Na ukiuliza, ukaambiwa hakuna, kisha mchana mmoja akaja mgeni asiyejulikana ametoka wapi, akitafuta mahali ambapo mmekwisha kupachimba, usimpeleke hata kama analia kwa lugha ya bibi yako. Mwambie pale pale aliposimama kwamba hapapo tena, tumepamaliza. Atakuchukia. Afadhali akuchukie.