Basi la Mzee Odera lililozidi geti kwa vidole vinne

Wakuu, nawasalimu kutoka huku Kisumu. Haya nitakayoandika niliyaona kwa macho yangu, na pale nimesahau nitawaambia nimesahau. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo wale wa kusahihisha wengine wanivumilie.

Nianzie mbali kidogo.

Nikiwa mdogo kule kwetu kando ya ziwa, kulikuwa na wale wadudu wadogo wanaotoka majini kama moshi. Wako hata leo. Ukiona wanakuja, unafunga mdomo.

Siku moja mama alikuwa anagombana na jirani juu ya mbuzi, na wadudu wakafika katikati ya maneno. Jirani akafunga mdomo. Mama akaendelea. Alimeza wengi sana siku hiyo, lakini mbuzi wetu alirudi nyumbani.

Mimi sikurithi hiyo roho. Mimi nikiwaona nafunga mdomo na macho pia.

Nasema hivi kwa sababu nilipokuwa mtu mzima nilipata kazi ambayo wale wadudu walikuwa wananikuta mbele kabisa, bila kioo. Nilikuwa dereva wa chesisi.

Wengi hapa hamjawahi kuona. Chesisi ni gari bila nguo. Vyuma viwili virefu, injini, usukani, magurudumu. Hakuna mlango, hakuna paa, hata kiti hakuna. Unachukua kreti ya soda, unaifunga kwa waya, unakalia hiyo. Halafu unajifunga kamba kiunoni, unavaa koti zito na miwani ya welding, na unatoka Nairobi hivyo mpaka Kisumu.

Mvua ya Kericho naijua kwa jina lake la ubatizo.

Akina mama waliokuwa wanauza mahindi ya kuchoma huko juu walikuwa wananipigia kelele, "Wewe! Gari yako imeibiwa nguo!" Nami nawajibu naipeleka kwa fundi wa kushona.

Na ilikuwa kweli.

Sasa mnielewe vizuri hii kazi ya magari ilikuwa namna gani hapa Kenya, kwa sababu nimeona kwa nyuzi zingine watu wanabishana ati hatukuwahi kuwa na viwanda. Tulikuwa navyo. Injini ilikuja kwa sanduku kutoka ng'ambo, hiyo ni kweli. Lakini gari lilifungwa hapa, boliti kwa boliti. Serikali ilikuwa inataka vitu kama betri, vioo, rangi na spring vitoke hapa hapa. Na basi la abiria, ile nyumba yenyewe ambayo watu wanakaa ndani, ilijengwa na Wakenya kuanzia chini mpaka juu.

Kulikuwa pia na ile habari ya gari la taifa, letu sisi wenyewe. Tulisikia kwa redio tukafurahi. Mimi nililingoja lipite barabara ya Busia. Labda lilipita nikiwa Kericho.

Turudi kwa stori.

Chesisi zangu nyingi nilikuwa napeleka kwa Mzee Odera. Yadi yake ilikuwa ukishapita Otonglo kidogo, kabla ya Kisian. Mafundi wanane, welding moja, na banda kubwa la mabati. Mbele ya banda, kwa geti la kutokea, kulikuwa na reli ya zamani ya treni imelazwa juu kama kizingiti. Hiyo reli ndiyo ilikuwa inabeba paa lote. Muikumbuke hiyo reli.

Mzee Odera hakuwa anatumia tepu. Alikuwa na fimbo. Fimbo yenyewe ilikuwa na alama za kisu: hapa dirisha, hapa kiti, hapa dari. Kila basi lilitoka kwa hiyo fimbo. Ukimwambia fundi mwingine alete tepu, Odera anakuuliza, "Kwani hiyo tepu ishawahi kupanda basi?"

Ikaingia miaka ya tisini. Mlango ukafunguliwa, magari yaliyotumika Japan yakaanza kuja tayari. Yana redio, yana viti vya kitambaa. Pole pole nikaona safari zangu zinapungua. Zamani nilikuwa naleta chesisi kila mwezi. Mwaka mmoja nikaleta moja tu.

Hiyo moja ilikuwa ya Bwana Makokha.

Makokha alikuwa tajiri wa kukaa Milimani, mtu mrefu kama mlingoti, kofia kichwani kila siku. Alikuja yadi akamwambia Odera waziwazi mbele yetu sote.

"Jaduong', mzee wangu, nakuheshimu. Lakini basi zako naingia nikiwa nimeinama kama mtu anaomba msamaha. Nataka basi tano. Nijengee hii moja. Nikiipenda, zile nne ni zako. Nisipoipenda, naenda kuchukua zile za Japan."

Odera akamwangalia kutoka viatu mpaka kofia. Akasema, "Utasimama na hiyo kofia."

Baada ya Makokha kuondoka hakuna mtu alicheka. Kila fundi alijua bila hizo basi nne yadi inafungwa.

Basi hilo lilijengwa karibu miezi mitano. Mimi sikuwa na chesisi ya kuleta, kwa hivyo nikakaa pale nashika mbao, napiga msasa. Odera alipofika kwa dari alichukua fimbo yake, akaweka alama ya dari, halafu juu ya alama akaweka mkono wake umefunguliwa, kidole gumba mpaka kidole kidogo. Shibiri moja. Akasema, "Kata hapo."

Tukakata hapo.

Viti vikafungwa, vioo vikaingia, rangi ikakauka. Wakuu, lilikuwa basi. Sijui niseme nini tena. Lilikuwa basi.

Asubuhi ya siku ambayo Makokha alikuwa anakuja, nikapanda kwa usukani nilitoe nje. Nikasongesha kidogo. Nikasikia fundi mmoja anaitwa Owino anapiga ubavu wa basi kwa mikono miwili.

"Simama! Simama yawa! Reli!"

Nikashuka. Tukaangalia juu sote.

Paa la basi lilikuwa limezidi reli kwa vidole vinne.

Hakuna aliyekumbuka. Mabasi yote ya awali yalipita chini ya hiyo reli bila shida, kwa sababu yote yalikuwa ya fimbo. Hili lilikuwa la fimbo na shibiri.

Owino akasema tukate reli. Odera akamjibu, "Kata. Halafu ulishike paa na mkono tukitoka."

Tukafikiria kuchimba chini. Chini ilikuwa mwamba.

Tukatoa upepo kwa magurudumu. Basi likashuka vidole viwili. Bado viwili.

Odera alikaa kwa jiwe, akaangalia magurudumu. Halafu akasimama akaniambia, "Ukileta chesisi tupu, spring zinakurusha. Ukibeba mzigo, je?"

Nikasema zinalala.

"Basi tutafute mzigo."

Na ilikuwa siku ya soko Otonglo.

Nilienda mwenyewe. Nilisimama katikati ya akina mama wa nyanya na omena nikasema nahitaji watu sitini wa kukaa kwa basi jipya, bure, dakika tano. Mmoja mnene, Mama Achieng', akaniuliza, "Linaenda wapi?"

Nikasema linaenda nje.

"Nje ya wapi?"

"Nje ya geti, mama."

Walicheka mpaka wakaacha biashara. Walikuja wote, wengine na vikapu vyao. Odera akawapanga yeye mwenyewe kwa mlango, wanene nyuma na wanene mbele, wembamba katikati. Mama Achieng' alisema, "Tangu nizaliwe hakuna mwanaume amenipenda kwa uzito wangu kama wewe, mzee."

Basi likashuka. Odera akapanda juu ya banda, akalala kifudifudi na jicho lake kwa reli. Akanyoosha kidole kimoja, kwamba nafasi ni hiyo tu. Nikaendesha kama nimebeba mayai. Nikasikia rangi inagusa chuma mara moja tu, sauti kama ya mtu anakuna ngozi, halafu jua likaniingia machoni.

Tulikuwa nje. Mama Achieng' akapiga vigelegele, na wengine wote wakajibu.

Makokha alikuwa anaingia na gari yake wakati huo huo. Alikuta basi lina magurudumu yamelala, fundi mkuu yuko juu ya mabati, na soko zima liko ndani. Akauliza, "Odera, hii ni nini? Harusi?"

Akina mama wakamvuta ndani. Akapanda. Akatembea kutoka mbele mpaka nyuma na kofia kichwani, haikugusa dari. Mama Achieng' akamwambia, "Baba, mimi sitoki hapa. Kama unataka nitoke, nipeleke Kisian kwanza."

Tukajaza upepo tukawapeleka Kisian wote. Makokha alisimama njia nzima. Alikuwa na furaha kama mtoto. Tuliporudi alimshika Odera mkono akasema, "Ngoja chesisi nne."

Tukangoja.

Odera alinunua mabati mapya. Akapandisha ile reli juu zaidi kwa matofali, ili nne zitoke bila kusumbua soko. Mimi nikaenda Nairobi mara mbili kuuliza kama kuna chesisi za Makokha. Hakuna.

Sikumbuki ilikuwa miezi mingapi. Siku moja basi likakata kona likaingia yadi, jeupe, na maandishi ya Kijapani ubavuni. Nyuma yake lingine. Nyuma yake mawili. Yakapita chini ya reli na nafasi ikabaki kubwa.

Makokha akatoka kwa la kwanza. Alitoka ameinama, kofia iko mkononi.

"Jaduong', hizi za Japan haziji na kerea ya kubebea mizigo. Watu wangu wana mizigo. Naomba uzifungie kerea juu."

Odera akamwangalia. "Na kichwa chako?"

Makokha akaangalia chini. Nadhani alikuwa na aibu kidogo, sitaki kumsingizia. Akasema, "Lako ni zuri kushinda hizi. Lakini lako nilingoja miezi mitano. Hizi nimekuta zimesimama Mombasa na mafuta ndani."

Wakuu, nitoe somo langu hapa hapa, kwa sababu nikifika pale mwisho huwa sina maneno.

Watu husema magari ya mtumba yaliua kazi yetu. Ni kweli, mimi mwenyewe nilirudi kulima. Lakini hata sisi hatukuuliza vizuri. Mteja alilia juu ya dari, tukaongeza dari. Hakuna kati yetu aliyemuuliza ana haraka kiasi gani. Kama tungeuliza, labda tungekuwa tunajenga ubavu wakati chesisi bado iko njiani. Labda. Nyinyi mliofanya kazi kwa viwanda vile, au wazee wenu, niambieni nyinyi mliona nini. Kama ninakosea, nikosoeni, nitasoma yote.

Sasa nimalize.

Odera alizifunga zile kerea. Zote nne, siku nne. Mimi ndiye nilikuwa nashika chini. Alipima kwa fimbo yake, hakuruka hata boliti moja, na akazipaka rangi mara mbili.

Siku ya nne jioni aliosha mikono na petroli, akaegemeza fimbo kwa ukuta. Owino alikuwa amemmiminia chai. Akasema, "Iache ipoe."

Akapita chini ya ile reli aliyoiinua, akashika barabara upande wa Kisian, akaacha koti na fimbo.

Chai ilipoa. Hakurudi tena kwa yadi.