Ruhusa ya Afande

Nyumba yao huko Ruiri imefungwa sasa, na kila nikipita pale langoni namkumbuka baba mkubwa, kaka ya marehemu baba yangu. Alikuwa mwanajeshi tangu ujana hadi kustaafu. Miaka hiyo yote aliitwa akaondoka, na mkewe alizaa na kulea peke yake. Aliporudi kwa kudumu alijiwekea sharti: hatavuka lango bila ruhusa ya mkewe.

Alikuwa akisimama mlangoni pa jikoni, visigino pamoja.

"Naomba ruhusa, afande."

"Ya kwenda wapi?"

"Kusaga mahindi, afande."

"Ukipitia kwa wenye miraa, ulale huko huko."

Kisha mama mkubwa alimpigia saluti kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulishika mwiko.

"Mkono mbaya huo, afande."

"Ndio uko na nafasi."

Majirani walimcheka. "Mzee, jeshi si lilikwisha?" Aliwajibu kwamba zamani aliondoka mara nyingi mno bila kumuuliza mkewe.

Baadaye mama mkubwa akapata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi na maneno yakaisha, ila kusikia alisikia. Mwaka huo huo mzee akaanza kujigonga kwenye nguzo za boma. Daktari mjini Meru alisema ni presha ya macho, afanyiwe upasuaji mapema. Mimi shule niliachia darasa la nane, mengine nimejisomea. Nilisoma kuhusu ugonjwa huo hadi nikauelewa: kinachopotea hakirudi.

Mimi na binti yake tulifika na gari la kukodi kumpeleka hospitalini. Mzee alivaa koti lake la safari, akasimama kando ya kitanda.

"Naomba ruhusa, afande."

Mama mkubwa alimtazama. Mkono wake wa kushoto ulishika shuka, haukuinuka.

"Hajaruhusu," mzee akasema, akavua koti.

Tulipotoka uani binti yake alimkabili. "Baba, mama hawezi kujibu!"

"Amejibu."

Tulirudi tena na tena, na kila mara ikawa hivyo. Pale uani nilimchorea jicho mchangani, nikamweleza sehemu moja moja. Alinisikiliza kwa adabu. Mvua zilikuja zikaisha.

Ni mama yangu, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, aliyeinama kitandani akamuuliza, "Kwani unajua anakoenda? Anaenda kutibiwa macho. Jioni atakuwa hapa."

Mama mkubwa alitoa sauti kama mtu aliyechomwa, na mkono wa kushoto ukaruka hadi kwenye paji la uso.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Ubishi wote tuliufanyia nje. Mzee alizoea kuulizwa aendako, na aliyekuwa akimuuliza hakuwa tena na sauti. Alichokiona mama mkubwa kila mara ni koti na visigino vile, kama enzi za kambi.

Tulikwenda siku hiyo hiyo. Daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akasema hakukuwa na cha kuokoa.

Jioni mzee alipapasa ukuta hadi kitandani.

"Nimerudi, afande."

Mkono ukapanda. Mzee akaendelea kungoja.

"Amepiga saluti," nikamwambia.

"Mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Mkono mbaya huo, afande," akasema, akawa anautafuta hewani kwa vidole.